Walisema Mkataba Wangu Ndio Uliomuua Mume Wetu

"Aliyemuua Kitashu ni huyu hapa."

Aliyesema ni mke mwenzangu, Namelok. Alisema amesimama, kidole amekinyoosha kwangu, mbele ya wanaume wote wa ukoo. Udongo wa kaburi la mume wetu ulikuwa bado mbichi.

Mimi nilikuwa nimekaa chini, nimejifunika shuka. Sikuinuka. Sikujibu.

Mnaujua ule uchovu ambao hata ukitukanwa unaona bora wamalize tu, ukalale? Ndio niliokuwa nao.

"Nyati ndiye aliyemuua," mzee mmoja alisema taratibu.

"Nyati alimkuta wapi?" Namelok akauliza. "Kwenye majani ya mkataba. Na mkataba aliuleta nani? Na marehemu aliingia mle kumtafuta ng'ombe wa nani?"

Wote wakanigeukia...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ndugu zangu, twende pamoja.

Naitwa Seleina. Sisi ni wafugaji, boma letu liko Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi. Huku kwetu ukiamka ukakuta kinyesi cha tembo karibu na zizi, unakiruka unaenda kukamua.

Kitashu alinioa mimi kwanza. Namelok alikuja baadaye, nikampokea kwa mikono yangu. Tuliishi vizuri. Sisemi hivyo kwa kujipamba, tuliishi vizuri kweli.

Sasa, miaka michache iliyopita, watu wa wanyamapori walikuja kijijini na ombi.

Walisema katika eneo la ukoo wetu kuna ukanda ambao wanyama hupita, wakitoka hifadhini kwenda mtoni na kurudi. Wao wanauita ushoroba. Wakaomba tuuache bila kuulima na bila kuweka uzio. Masika ng'ombe wasiingie kabisa. Kiangazi, majani yakishakomaa, tunaingia na mifugo yetu.

Na wao wangetuchimbia lambo upande wa pili, ili ng'ombe na nyati wasigombanie maji.

Mkataba ulikuwa wa hiari. Asiyetaka hasaini. Aliyesaini akichoka, anatoka, hakuna wa kumfunga.

Kitashu, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa eneo hilo, hakutaka.

"Leo wanaomba, kesho watachukua," aliniambia.

"Wazee wetu walikuwa wanatenga alalili," nikamwambia. "Malisho ya akiba ya kiangazi. Hii ina tofauti gani? Sisi tunapata majani, tembo wanapata njia."

Akakaa na hilo neno siku kadhaa. Kisha akasaini.

Na kwa kweli mambo yalikwenda. Kiangazi kilichofuata wenzetu walihamisha ng'ombe mbali mpaka wengine wakagombana na wakulima. Sisi tulifungua ukanda wetu, ng'ombe wakashiba nyumbani.

Kwa kuwa nilisoma na Kiswahili cha mikutano nakiweza, nikawa mimi ndiye ninayeitwa kwenye semina. Gari la ofisi linakuja kunichukua bomani, jioni linanirudisha.

Nilidhani nafanya kwa ajili yetu sote.

Halafu masika moja Kitashu akaingia mle ndani, kipindi kilichokatazwa, na nyati dume akamkanyaga.

Gari la ofisi liliponirudisha kutoka semina nikakuta wameshamleta bomani. Nikamuuliza Namelok, "Alifuata nini kule?"

Akasema, "Yule mtamba wako mweusi alipotea. Alikwenda kumtafuta."

Jioni ile mtamba wangu alikuwemo zizini. Nikajua amerudi mwenyewe, kama ng'ombe wanavyorudi. Nikaamini. Nikaubeba ule mzigo kwamba mume wangu amekufa akimtafuta ng'ombe wangu, kwenye majani niliyomshawishi mimi ayaache.

Ndio maana siku ile Namelok aliponinyooshea kidole, sikujibu. Nilikuwa nimeshajihukumu kabla yake.

Shemeji yangu Kakuta, mdogo wake marehemu, ndiye aliyefunga kikao.

"Mkataba umekwisha," alisema. "Majani yaliyomla ndugu yangu siwezi kuyatunza. Shemeji, una neno?"

"Sina, shemeji."

Basi, ikaisha hivyo.

Afisa wa wanyamapori, anaitwa Gabrieli, alikuja kutupa pole. Akakaa kwenye kigoda, kofia ameishika mkononi. Kakuta akamwambia uamuzi wa ukoo.

Gabrieli akaniangalia mimi.

"Mama Seleina, na wewe umekubali?"

"Nimekubali."

"Haya. Ni hiari, siwezi kuwalazimisha. Ila mkibadili mawazo, mlango uko wazi."

Alipoondoka nilimwangalia mpaka gari likapotea. Nilitamani angenibembeleza kidogo. Hakunibembeleza. Mtu akikuheshimu wakati mwingine inauma zaidi.

Kabla kiangazi hakijakolea, trekta likaingia.

Aliyekodishwa ule ukanda anaitwa Timotheo, mfanyabiashara wa nafaka, anakaa Magomeni pale Kilosa mjini. Kakuta alisema jamaa amejileta mwenyewe, amesikia eneo liko wazi. Akang'oa vichaka, akalima kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Namelok alikuwa anaangalia trekta akiwa amesimama pembeni yangu. Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Aliingia ndani hakutoka mpaka jioni.

Kiangazi kile kilitunyoosha, jamani.

Majani ya akiba hakuna. Vijana wakaondoka na ng'ombe kwenda mbali, na sisi wanawake tukabaki na ndama na wagonjwa. Kila asubuhi naamka nakuta mwingine hawezi kusimama. Unamwinua, anaanguka. Unamwinua tena... mwisho unamwacha, unakaa naye tu mpaka amalize.

Tulikuwa tunawainua sisi wawili, mimi na Namelok. Hatuongei. Yeye anashika mbele, mimi nyuma.

Mvua zikarudi. Mahindi ya Timotheo yakastawi vizuri mpaka watu wakaanza kusema Kakuta ana akili.

Tembo walisubiri yabebe.

Hawakuja kwa hasira. Walikuja wanapita njia yao, ile ile, wakakuta chakula katikati ya njia. Walipoondoka shamba lilikuwa limelala lote. Na kwa kuwa njia ilikuwa imezibwa na lile shamba, kundi jingine likazunguka kupitia kwetu. Wakaangusha uzio wa zizi na kibanda cha ndama. Hakuna aliyekufa siku hiyo. Mungu alitusitiri.

Asubuhi yake Timotheo akafika bomani, kavaa buti zenye matope, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Yuko wapi Kakuta?"

"Ametoka na ng'ombe. Kaa."

Hakukaa. Akaanza kuzunguka pale uani akijisemea.

"Mmeniangamiza. Mngeniambia mapema ningetafuta kwingine. Marehemu aliniapia kabisa kwamba tembo wameshahama, hawapiti tena..."

Nilikuwa nakamua. Nikasimamisha mikono.

"Marehemu yupi?"

"Mumeo. Kitashu."

"Alikuapia lini, Timotheo? Wewe si ulikuja baada ya msiba?"

Nikaona ameng'amua kwamba mdomo umeshateleza.

"Nimekuuliza lini."

"Mama, tuyaache."

"Siyaachi."

Akavua kofia.

"Siku ile," akasema. "Siku ile ile aliyokufa. Alikuwa ananionyesha mipaka."

Nikasikia kelele nyuma yangu. Namelok alikuwa amesimama mlangoni kwake, kibuyu cha maziwa kimemwanguka.

Hapo ndipo nilipojua. Sikuwa nimeambiwa bado, lakini nikajua.

Timotheo alieleza yote. Kitashu alikuwa amekubali kumkodisha ule ukanda kimya kimya, wakati mkataba bado uko hai, na mimi nisijue. Waliingia wote wawili. Nyati alikuwa amelala kwenye majani marefu. Alipotoka, Timotheo alikimbilia mtini. Kitashu hakuwahi.

"Ulimwacha?" nikamuuliza.

"Alikuwa ameshakata roho, mama. Naapa. Niliposhuka nilikimbia moja kwa moja mpaka hapa kutoa taarifa."

"Ulimpa nani taarifa?"

Akamwangalia Namelok.

Nimeamua kumwamini Timotheo kwamba mume wangu alikuwa ameshakufa. Kutomwamini kunachosha mno, na sina nguvu hizo.

Alipoondoka, tulibaki wawili. Namelok alikuwa anazoa vipande vya kibuyu, kimoja kimoja, kama vina thamani.

"Mtamba wangu alipotea kweli siku ile?" nikamuuliza.

"Hakupotea, dada."

"Kwa nini, Namelok?"

Akakaa chini pale pale kwenye maziwa yaliyomwagika.

"Wewe ulikuwa unapanda gari la ofisi," akasema. "Ukirudi, wanaume wanakuuliza mambo, unawajibu. Kitashu mwenyewe akawa anasema, tumsubiri Seleina. Kila kitu, tumsubiri Seleina. Mimi nabaki na ndama. Nikaona huu mkataba ukifa, tutakuwa sawa tena. Ndio nikamwambia akodishe. Nikamwambia asikuambie."

"Naye akakubali."

"Alisitasita. Nikamkera kila siku. Akakubali."

"Na pale msibani?"

"Niliogopa, dada. Timotheo alikuja anahema, akasema Kitashu amekufa. Kitu cha kwanza nilichowaza, watauliza alifuata nini kule. Nikamwambia Timotheo anyamaze. Halafu nikaanza na wewe kabla hawajaanza na mimi."

Mnataka niwaambie nilimpiga? Sikumpiga. Nilimaliza kukamua. Ng'ombe hana kosa.

Kisha nikaenda nyuma ya boma, nikamlilia Kitashu upya. Safari hii nililia kwa hasira. Mara ya kwanza nilimlilia mtu aliyekufa kwa ajili ya ng'ombe wangu. Sasa nikawa namlilia mtu aliyenificha. Ningekasirika naye, tungenuniana wiki nzima, tungeyamaliza. Lakini unamnunia vipi mtu aliye kaburini?

Sikumwambia mtu yeyote. Sikumwambia Namelok aseme wala asiseme. Nilikuwa nimechoka na vikao.

Kakuta aliporudi na ng'ombe, aliitisha ukoo wajadili lile shamba lililolala na tembo waliovamia boma. Wengine wakataka waombe kibali wanyama wapigwe. Wengine wakataka uzio. Kelele tupu.

Namelok akasimama.

Hakuwa ameniambia kama atasimama. Nilidhani anatoka nje.

"Mwaka jana nilisimama hapa nikasema Seleina amemuua Kitashu," alisema. "Nilisema uongo."

Akaeleza. Yote, hakuacha hata lile la gari la ofisi. Sauti yake ilikuwa ndogo, wazee wakawa wanainama mbele wamsikie.

Alipomaliza hakukaa chini.

Kakuta akamuuliza, "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Siku ile mlikuwa mnatafuta wa kumlaumu," Namelok akajibu. "Nikawapa."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza Kitashu alikuwa na nani. Hakuna aliyeniuliza mtamba alirudi saa ngapi. Hata mimi sikujiuliza.

Kakuta aliangalia mikono yake. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, nisamehe. Sasa tufanye nini na lile eneo?"

Ningeweza kumwambia, amueni wenyewe, mlishaniamulia mara moja. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini niliwakumbuka wale ndama.

"Tumwite Gabrieli," nikasema. "Tumwombe kurudi. Na safari hii kila mtu mzima wa boma hili asikie masharti kwa masikio yake, wanawake na wanaume. Asiyetaka aseme hapo hapo, mchana kweupe."

Gabrieli alikuja. Hakutucheka wala hakutusimanga.

"Mkataba mnaweza kuuanza upya," alisema. "Ila ardhi iliyolimwa siyo kama ya mwanzo. Itaota magugu kwanza. Majani mliyokuwa nayo mimi sina uwezo wa kuwarudishia. Mtasubiri."

Basi ndio tunasubiri mpaka leo ninapoandika hapa. Kiangazi hiki tena ng'ombe wamekwenda mbali.

Najua mtakuja kwenye komenti mniulize kwa nini bado naishi na Namelok boma moja. Wengine mtaniita mjinga, sawa tu.

Naishi naye kwa sababu alisimama bila kusukumwa na mtu. Angeweza kukausha, na mimi nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Siri ingekufa na sisi. Sijamsamehe yote. Kuna siku nikimwona nageuza njia. Lakini kuna siku tunakwenda kuteka maji pamoja na tunacheka.

Ninachowaomba, ndugu zangu: mkifiwa, kabla hamjanyoosha kidole, ulizeni marehemu alikuwa anaelekea wapi na alikuwa na nani. Na jambo la hiari mkilichoka, semeni mmechoka. Kitashu angesema tu, "Seleina, nimebadili mawazo," tungetoka kwenye ule mkataba kwa amani na angekuwa hai, ananipinga.

Juzi tulipita na Namelok kwenye ule ukanda. Magugu mpaka magotini. Akainama, akayasukuma pembeni kwa mkono, akaangalia chini.

"Dada, majani yatarudi kweli?"

"Yatarudi," nikamjibu.

Sina hakika. Lakini tulikuwa tumeshaambiana ukweli wa kutosha, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa bado ndefu.