Redio Ndani ya Leso

Mvua ilimkuta Kemunto mitaa ya Digbeth, jijini Birmingham, akakimbilia ndani ya stesheni ya mabasi ya safari ndefu. Watu walijaa wakiburuta masanduku, na kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Alivaa koti la njano juu ya sare yake ya kuhudumia wazee, na kifuani alikumbatia mzigo mkubwa uliofungwa ndani ya leso yenye maua mekundu.

Kijana mmoja aliinuka mara moja. Suruali yake ya kahawia ilikuwa imepigwa pasi vizuri, na viatu vyake viling'aa kana kwamba Birmingham haina matope.

"Keti, mama. Mtoto amelowa."

Kemunto alifunua leso kidogo. Ndani palionekana mbao laini, kioo chenye majina ya stesheni na vitufe viwili vya kuzungusha.

"Mtoto mwenyewe ndiye huyu."

Kijana alicheka mpaka akashika kifua. "Pardon. Lakini mtoto huyu ananipita miaka mingi."

"Anatafuta daktari. Nimeambiwa kuna fundi wa redio za zamani hapa karibu, lakini simu yangu inanizungusha tu."

"Fundi iko mbele yako. Jina ni Aganze. Nilikuja kusindikiza dada yangu." Alimpa kiti, akampa na kikombe cha chai alichokuwa hajakionja. "Kunywa. Umetetemeka ya kutosha."

Mvua ilipopungua, walitembea pamoja hadi karakana yake, ndani ya ghala kuukuu lililogeuzwa vyumba vya mafundi na wachoraji. Njiani Kemunto alimweleza. Redio ilikuwa ya Bi Edna, mzee aliyekaribia miaka mia katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, kule Aston. Utotoni mwake, katika miaka ile kati ya vita viwili vikuu, jioni ilipofika redio ilileta bendi za dansi kutoka hoteli za London, waimbaji na wachekeshaji. Bi Edna alicheza na baba yake sebuleni, miguu yake midogo ikiwa juu ya buti za baba.

"Moyo wake umechoka," Kemunto alisema. "Nimemwahidi atasikia dansi tena kwa redio ya babake, siku yake ya kuzaliwa. Sijui kama ataiona nyingine."

Aganze aliipapasa ile mbao. "Kuitengeneza naweza. Lakini zile bendi hazipigi tena hewani. Wacha nifikiri."

Alifikiri, na wakati akifikiri alipiga simu kila jioni.

"Mtoto amelala?" Kemunto aliuliza.

"Amekataa. Anamlilia mama yake."

"Mama yuko shifti, Bwana Redio."

"Basi baba atambembeleza, chérie," alijibu, akimwita mpenzi kwa Kifaransa.

Siku za mapumziko Kemunto alikwenda karakanani na chapati zilizofungwa vizuri zisipoe. Kila alipofika, redio ilikuwa tayari inaimba. Aganze alikuwa ametafuta nyimbo za miaka ile, zilizonakiliwa kutoka santuri, akaunda kisanduku kidogo cha kuzirusha hewani umbali wa chumba kimoja tu. Redio ilizipokea kama zamani. Walikula, wakacheza polepole kati ya nyaya, na Kemunto, ambaye aliwahi kuvishwa pete na mtu akaachwa, alianza kuthubutu kufurahi.

Asubuhi ya siku ya kuzaliwa, Aganze alileta redio hadi mlangoni pale Aston. Wanakwaya wenzake walikuwa wakimngoja kwa mazoezi.

"Washa redio, washa na kisanduku. Basi. Nitarudi kwa keki," alisema, akakimbia.

Kemunto aliweka redio na kisanduku juu ya meza ya chumba kitupu, akawasha vyote viwili. Kimya. Akazima, akawasha tena. Kimya. Alirudia mpaka jasho likamtoka, kisha akapiga simu.

"Aganze, umeniletea kabati."

"Kabati gani?"

"Redio yako. Haisemi kitu."

"Kwangu iliimba tangu nilipoamka. Labda umegusa kitu."

"Kwa hivyo kosa ni langu."

"Sijasema vile."

"Umesema. Aki, ningejua. Wa kwanza aliniahidi harusi, wewe umeniahidi muziki. Nyote ni mdomo tu."

"Kemunto, mie si huyo mtu."

"Usije leo. Bi Edna nitamwambia mwenyewe." Akakata.

Bi Edna alikuwa ameketi chumbani mwake na gauni la buluu na shanga nyeupe. Nyokabi, muuguzi wa zamu, alikuwa amempaka rangi ya kucha kabla ya kazi zake nyingine, bila kuombwa. Kemunto alipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Nisamehe. Redio haikupona."

Bi Edna alimfuta chozi kwa kidole gumba. "Ilete tu, nikae nayo."

Kemunto akaileta.

"Sasa iwashe."

"Haitatoa sauti."

"Iwashe, mwanangu, halafu usiiguse. Nivalishe viatu vyangu vya dansi."

Kemunto aliwasha redio na kisanduku chake, akainama kwenye viatu. Kifungo cha kwanza kilikuwa kigumu.

"Baba akitoka kiwandani aliiwasha kwanza," Bi Edna alisema. "Kisha akavua koti, akalitundika, akanawa mikono. Taa zilizo ndani ya redio lazima zipate joto kwanza, ndipo iimbe. Mimi nilidhani bendi inamngoja awe tayari."

Mkono wa Kemunto ulisimama juu ya kifungo. Nyuma ya kioo, mwanga wa manjano ulikuwa umewaka. Mngurumo mdogo ulisikika, kisha saksafoni zikaingia taratibu, na ngoma, na mwanamume aliyeimba kwa sauti laini.

Bi Edna alinyoosha mikono. Kemunto alimwinua, akamshika kiuno, akamwambia, "Panda." Mzee aliweka miguu yake juu ya viatu vya kazi vya Kemunto, mwepesi kama nguo iliyoanikwa, wakayumba pamoja mpaka wimbo ukaisha.

Alipokwisha kumketisha, Kemunto alipiga simu.

"Mtoto ameamka."

"Nimemsikia. Niko nje ya mlango wa chumba."

"Nilikukataza kuja."

"Ndiyo. Juu ya hiyo sijaingia."

Kemunto alifungua. Aganze alikuwa amelowa, mfuko wa vifaa begani.

"Kemunto, kosa ni langu, nilisahau kukuambia, mie ninaishi na hizi redio kila siku, nikaona kila mtu anajua kwamba..."

"Vua koti kwanza."

Akavua. Kemunto alilitundika, akampa taulo, akangoja ajifute uso.

"Mimi nilizima haraka," alisema. "Redio, na wewe pia. Nisamehe."

"Imekwisha, chérie."

Bi Edna aliita kutoka kitini. "Huyo ndiye daktari? Aje nimbusu."

Aganze alikwenda akainama, akabusiwa mashavu yote mawili. Kisha akamgeukia Kemunto, akisokota taulo mikononi.

"Nikitaka kuongea na wazee wako kule kwenu Kisii, ninaanza na nani?"

"Na mama. Lakini mama hajibu siku hiyo hiyo. Atakuweka."

Aganze aliitazama redio, akavuta kiti, akaketi karibu nayo.

"Aniweke tu," alisema. "Mie nitangoja."