Neno Lililokatwa

Donge la udongo lilikuwa limebaki moja, na mikono iliyoling'ang'ania ilikuwa ya watu wawili. Soko la Bab al-Saray lilikuwa limefurika asubuhi ile, mafundi shaba wanagonga, wauza viungo wanaita wateja, na mfinyanzi mwenye mali yake amekaa kimya anawatazama hao wawili kama anayetazama mpira.

"Mimi nimelishika kwanza," alisema kijana, mrefu, shati jeupe limetapakaa wino mfukoni.

"Na mimi nimeuliza bei kwanza," alijibu Shmuni. Alikuwa amevaa gauni la bluu la kazi, nywele amezibana kwa kitambaa chekundu. "Kwani wewe udongo wa nini? Huna hata sura ya mfinyanzi."

"Nataka kuandika juu yake."

Shmuni alicheka mpaka akaliachia donge. Kumbe wote wawili walikuwa wanaanza masomo ya Kiashuru cha kale pale chuoni Mosul, na wote walikuwa wameagizwa udongo. Shmuni alitoka mji wa Bakhdida, kijana alitoka mji jirani wa Bartella, jina lake Behnam. Wakaligawana donge katikati, na kwa maoni yangu mambo mengine yote yalikwisha kuamuliwa palepale.

Darasani, Mwalimu Yalda aliwawekea mezani kibao cha udongo cha kale, kidogo kama kipande cha sabuni. Akazima taa ya juu, akakimulika kwa tochi kutoka upande. Kile kilichokuwa jiwe kavu kikafumka alama za kabari, mwandiko wa Waashuru, mstari kwa mstari, na pembeni ikajitokeza alama ya kidole gumba cha mtu aliyekishika kingali kibichi. Mwalimu aliweka kalamu yake juu ya alama moja, akasema hii husomwa libbi, maana yake moyo wangu.

Shmuni alisisimka mwili mzima. Libbi ndivyo alivyoitwa na bibi yake kila asubuhi, kwa lugha yao ya nyumbani, akipewa chai. Miaka elfu mbili na mamia yake imepita, miji imechomwa na kufukiwa, na neno limetembea kwa miguu yake mpaka jikoni kwao. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Somo lililofuata Mwalimu aliwafundisha kwamba mwandishi wa Ashuru hakati neno. Nafasi ikimwishia, hupinda na kuendelea ubavuni mwa kibao, lakini neno hulimalizia hukohuko, halivushi mstari wa pili. Shmuni alilishika hilo barabara. Behnam hakulisikia. Alikuwa anamtazama Shmuni.

Wakapendana. Jioni simu zao haziishi. Behnam alimwita libbi, Shmuni akamwambia maandishi yake yanafanana na nyayo za kuku, Behnam akasema kuku huyo amesoma chuo. Lakini neno lenyewe, la nakupenda, Behnam hakuwahi kulitamka. Alisema litatoka kwa udongo au halitatoka kabisa.

Kisha zikaja karatasi za safari. Mjomba wa Sydney alikuwa amemwita mama yake Shmuni, na mama hakutaka kumwacha binti. Shmuni alimwambia Behnam waziwazi: akiwa na sababu ya kubaki, atabaki. Kesho yake Behnam akampa kibao kilichofungwa kwa kitambaa, uso umemwiva, akakimbia.

Shmuni alikifungua dirishani mchana wa mawingu. Mstari wa kwanza: libbi, moyo wangu. Mstari wa pili ulianza na la. Na la ni la, kwa Waashuru wa kale, kwa bibi yake, hata kwetu sisi. Baada yake, nakupenda. Moyo wangu, sikupendi. Alisoma tena na tena, kisha akaketi sakafuni.

Alimpigia simu. "Nimekisoma, Behnam. Nasafiri na mama."

"Basi hilo ndilo jibu lako?"

"Ulitaka nikujibu nini tena?"

"Safari njema," alisema Behnam, akidhani amekataliwa.

Kutupa kibao kulimshinda Shmuni. Alikiweka katika mkoba, na ndicho kilichomkamatisha uwanja wa ndege wa Erbil. Ofisa wa forodha alikiinua kwa vidole viwili kama yai. Akasema mali ya kale haitoki nchini, na anayeitoa hulala ndani. Mama akaanza kusali. Shmuni alieleza kwamba ni kipya, ni udongo wa Bab al-Saray, ni cha mwanafunzi.

"Kama ni chenu, nisomee, dada," alisema ofisa, akawasha tochi ya simu yake na kukimulika kutoka upande.

"Libbi," alianza Shmuni, akaishia hapo.

"Na hii ya ubavuni?"

Shmuni aliinama. Ubavuni, mahali alipodhani ni alama ya kidole, kabari ndogo zilisimama katika mwanga, moja moja, kali. Ka. Neno lilianzia ubavuni na kumalizikia mstari wa pili. Ka, na la. Kala. Wote. Mpumbavu yule alikuwa amekata neno. Moyo wangu wote, nakupenda.

Alisoma upya kwa sauti, kwa Kiashuru, na abiria waliopanga foleni wakageuka bila kujua kwa nini. Mama, ambaye hakusoma darasa hilo hata siku moja, alimshika mkono.

"Libbi nimelisikia," alisema mama. "Hayo mengine niambie, mwanangu."

Shmuni akamwambia. Ofisa naye alisikia, akacheka na kumrudishia kibao. Mama alimtolea begi lake kwenye mizigo, akamkumbatia. Alilia, lakini mkono wake ulikuwa unamsukuma binti kuelekea mlangoni.

Nje, Shmuni alipiga simu.

"Behnam, siku Mwalimu alipofundisha kwamba neno halikatwi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakutazama." Kisha, polepole, "Shmuni, uko wapi?"

"Erbil, nimesimama na begi moja. Na kibao chako. Sasa lisome mwenyewe lile neno, kwa mdomo wako. Ni la, au ni kala?"

"Kala, libbi," alisema Behnam. "Kala. Nakuja."