Aliyeingia kwa Jina la Mwantumu

Asubuhi hiyo kompyuta ilimkataa Hajira. Ilimkataa kavukavu, kama mke mwenza! Kaingiza jina lake, kaingiza neno lake la siri, mashine ikamwandikia kwamba leseni zote zinatumika, asubiri mmoja atoke.

"Atoke nani?" Hajira akauliza, mimba ya miezi saba imemtangulia mezani. "Si ofisi nzima tuko watatu!"

Na kweli walikuwa watatu. Ofisi yenyewe ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, lile lililokuwa la serikali, serikali ikachoka nalo, ikamuuzia tajiri. Tajiri akaleta kompyuta kabla hajaziba hata bati linalovuja, wallahi! Alikuwepo Meneja Ernesti, mtu wa tai na jasho. Alikuwepo Josefina, dada wa Dindira, mdomo wake mrefu kuliko barabara ya kwao. Na Hajira mwenyewe, binti wa Handeni, karani wa mizani. Ile kompyuta mama wanayoiita seva ilifungiwa chumba cha nyuma, inapulizwa na feni peke yake kama bibi harusi. Kuingia humo mpaka leseni, na tajiri alilipia nne: tatu za watu, ya nne ya mizani ya getini, maana mizani nayo huingia kupeleka uzito wa mkonge. Ukija wa tano unabaki nje.

Josefina akainamia kioo cha mashine yake, akasoma walioingia.

"Ernesti. Josefina. Mwantumu." Akakunja uso. "Mwantumu tena."

Hajira akaacha kiti chake, akamsogelea.

Sasa hapa ndipo penyewe, sogeeni. Fundi Filemoni alipokuja kufunga zile mashine alimwambia Hajira kwamba mizani inataka jina la kuingilia, kama mtu. Ni mtumishi asiye na mwili, alisema, haulizwi neno la siri, anaingia saa yoyote anayotaka. "Taja jina lolote, dada." Na Hajira, mjinga wa watu, tumbo limemjaa furaha siku hiyo, akataja lililokuwa moyoni. Mwantumu! Jina la mama mkwe wake marehemu, ambalo yeye na mumewe Sufiani walimwekea mtoto aliye tumboni. Kwao jina la mtoto halitamkwi mpaka mtoto aonekane. Yeye akalitamka, akampa mizani! Eti litaleta heri. Heri hiyo!

"Huyu wa pili anaingilia mashine gani?" akanong'ona.

Josefina akasoma, akashusha sauti. Na Josefina kushusha sauti, hiyo tayari ni habari.

"Yako wewe," akasema.

Meneja akaja juu. "Umempa nani mashine yako? Unamwingiza mtu atubadilishie uzito?"

"Haki ya Mungu, baba, mashine ndiyo kwanza naiwasha."

"Mashine haijiingizi yenyewe, Hajira!"

Tangu hapo ofisi ikaharibika. Meneja akawapeleleza wote wawili, Josefina akawa anafunika kibodi kwa kanga akienda chooni, na kuonjeshana chakula cha mchana kukaisha kabisa. Hajira naye moyo ukamwambia ni Josefina. Si ndiye aliyekuwa anamuuliza kila siku, mtoto anacheza? Anacheza upande gani? Na mtoto, tangu siku ile mashine ilipokataa, alikuwa hachezi vizuri. Saa za kazi anatulia kama jiwe. Akirudi nyumbani Kwamndolwa ndiyo anapiga teke moja, mawili, ya kivivu.

Basi akaamua kumvizia. Mchana, jua liko utosini, wenzake wakatoka kula, yeye akajibanza kwenye ujia, jicho kwenye tundu la pazia. Kimya. Harufu ya mkonge uliooza, ile ya siku zote inayokaa puani mpaka unaisahau, ikakatika ghafla, ikaja nyingine, tamu, ya poda na mafuta ya nazi, harufu ya kichanga kilichotoka kuogeshwa, na humo ndani hamna mtu, kiti chake kitupu, Josefina hayupo, meneja hayupo, lakini vibonye vya kibodi vinashuka kimoja kimoja, ta, ta, taratibu, vinabonyezwa na kidole kidogo mno kuwa cha mtu mzima, na kila kinachoshuka kinarudi kimelowa, kinang'aa mate, mate yale ya mtoto anayetafuna kila anachokishika, na Hajira mkono uko tumboni anapapasa, anabonyeza, anamwita mwanawe kimoyomoyo, na tumbo limekaa tu kama gunia la mahindi.

Mara umeme ukakatika. Kioo kikazima. Tumboni, pu! Mtoto akarusha teke mpaka Hajira akakaa chini.

Josefina alimkuta hapo hapo sakafuni.

"Nilidhani ni wewe," Hajira akamwambia.

"Na mimi nilidhani ni wewe. Nyamaza kwanza, usilie kwa sauti."

Fundi Filemoni akaitwa. Akafuta lile jina, mizani ikafa, malori yakapanga foleni getini, meneja akafoka. Akalibadilisha, akaandika lingine. Akawasha upya, likarudi: Mwantumu. Jasho likamtoka kijana wa watu.

Ndipo Josefina akamleta Bi Shamsia, yule muuza dagaa wa soko la Manundu, mganga wa majini ambaye dagaa wake ni wabovu lakini dawa zake nzima. Mwanamke mfupi, mkali. Hakupoteza muda.

"Wee fundi. Mlimpa jina?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mlango?"

"Na... na leseni, bibi. Anaingia mwenyewe."

"Basi msimwite mwizi. Mgeni wenu huyo."

Akawasha ubani, akamfunika Hajira kaniki, akamkalisha mbele ya ile mashine. Meneja mlangoni anauma ncha ya tai. Moshi ukatanda, feni ya chumba cha nyuma ikaanza kuvuma kwa nguvu, na mdomo wa Hajira ukafunguka, ukatoka usemi usio wake, wa mtoto asiye na jino.

"Jina nimepewa. Mlango nimepewa. Kimebaki kiwiliwili."

"Kiwiliwili kina mwenyewe," Bi Shamsia akasema.

"Mwenyewe ni Mwantumu. Mwantumu ni mimi."

Bi Shamsia akamzaba Hajira kofi, akazinduka. Akamnong'oneza, "Mwanangu, huyu hatoki. Chagua. Jina au mtoto."

Na lile jina lilikuwa la mama yake Sufiani, na Sufiani alilisubiri kama mvua. Hajira akalia, akashika tumbo, akasema, "Mwantumu ni wewe. Chukua. Mtoto wangu hana jina, simjui anaitwa nani, niachie."

Tumbo likageuka lote, upande mpaka upande.

Akazaa salama, mtoto wa kike, akamwita Shida. Sufiani akanuna miezi mitatu. Akamshuku mkewe kila kitu, hata mwanamume! Hajira akauma midomo tu. Ofisini mizani ikapima vizuri mno, meneja akafurahi, lakini hakuna aliyekaa kitini asubuhi bila kugeukia chumba cha nyuma na kusema, "Shikamoo, Mwantumu." Na meneja pia, na tai yake! Walishaona asiyesalimia hafunguliwi mashine.

Siku moja Sufiani akaja mchana, kamletea Hajira mtoto anyonye. Akawakuta wanarudi kutoka kula, wanatoa salamu zao. Akasimama.

"Mnamsalimia nani kwa jina la mama yangu?"

Hajira akaona hapana pa kukwepea, akamweleza yote, machozi yanamdondoka. Sufiani akamtazama, akaitazama ile mashine, akacheka kicheko cha uchungu. Akavua kofia, kwa kebehi kabisa, akauelekea mlango wa chumba cha nyuma.

"Haya, shikamoo, mama."

Wote walifumba midomo. Wote watatu.

"Marahaba, mwanangu," kikajibu kisauti cha kichanga kutoka kwenye feni. "Nipe mjukuu wangu nimpakate."

Na Shida, kifuani kwa baba yake, akanyoosha mikono.