Sauti Kwenye Kafi

Rafiki yangu Piitaq huwaonyesha watalii nyangumi, akiwa ameajiriwa na meli ileile ambayo wimbi lake lilimzamisha mdogo wake, Miteq, aliyezoea kumwita "angaju", yaani kaka. Mwenye njaa hana miiko.

Siku moja ukungu ulifunika milima ya barafu, ukabaki mlio wake tu ikipasuka. Piitaq akazima injini ya boti ya watalii, akazamisha kafi, akatega sikio kwenye mpini, kama tunavyowasikiliza nyangumi. Ghafla akalichomoa.

"Hamna kitu. Turudini melini."

"Acha uvivu, bwana! Lete nisikie," mama mmoja mtalii akamnyang'anya kafi. Akasikiliza, akaangua kicheko.

"Mwongo wewe! Yupo, tena anaita: 'Angaju, angaju.' Huyo ni nyangumi gani?"