Uzi Mwekundu wa Pikapu

Nyumbani jina langu ni Mbishi, na sikupewa bure. Mama akisema leo kuna baridi, mimi navua sweta. Mama ni mshonaji, na kila siku huniambia bila kuinua macho kwenye cherehani, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nami humjibu, "Mama, guu langu bado zima," kisha natoka mbio kabla rula yake ya mbao haijanifikia.

Kila siku baada ya shule nilipitia kwenye karakana ya Mjomba. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa na meza ndefu yenye alama nyeusi za chuma cha kulehemu. Redio zilikaa kila mahali, matumbo wazi. Mjomba alinifundisha kulehemu tangu nikiwa darasa la tano, lakini alikuwa na desturi moja iliyonichosha sana. Kabla hajakata hata waya mmoja, alifungua daftari kubwa aliloliita Daftari la Wagonjwa, akachora kila waya unakotoka na unakokwenda. Kuchora nusu saa, kazi yenyewe dakika kumi!

"Mjomba, wewe ni fundi au mchoraji?" nilimuuliza siku moja.

"Mimi ni msahaulifu," alijibu. "Ila najijua."

Shuleni tulikuwa na bendi. Mimi nilipiga gitaa, rafiki yangu Kifimbo alipiga ngoma, na mapacha wawili wa darasa letu waliimba. Gitaa la umeme la shule lilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi wote, na pikapu zake zilikuwa zimekufa. Pikapu ni vile vipande viwili vinavyokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa gitaa ukitetemeka, pikapu huusikia na kuupeleka mlio kwenye amplifaya. Pikapu ikifa, utapiga mpaka vidole viote sugu na ukumbini hakuna atakayesikia kitu.

Jumatatu Mwalimu wa Muziki aliliweka gitaa mezani akatikisa kichwa. "Hili limezeeka. Siku ya Wazazi ni Jumamosi. Bendi naiondoa kwenye ratiba, mapacha wataimba na kwaya."

"Haiondoki," nilisema.

Darasa zima liligeuka. Hata mimi nilishtuka kidogo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Unasemaje?"

"Samahani, Mwalimu. Ninasema gitaa litalia. Nitabadilisha pikapu mwenyewe."

Wavulana wa nyuma waliangua kicheko. Mmoja akasema nianze kwanza kujifunza kubadilisha betri za tochi. Kicheko kile kilinichoma, nami nikaapa moyoni kwamba watakimeza. Mwalimu akanipa muda hadi Alhamisi.

Mjomba alikuwa na pikapu mbili nzuri alizozitoa kwenye gitaa lililoliwa na mchwa. Kila pikapu ilitoka na nyaya mbili, zote nyeusi. Kwenye waya mmoja wa kila pikapu alikuwa amefunga kipande cha uzi mwekundu.

"Wenye uzi mwekundu unalehemewa kwenye mguu wa kitufe cha sauti," alinionyesha. "Ule mwingine, mgongoni mwa kitufe. Usichanganye. Na uchore kwanza, Mbishi, ndipo ukate."

"Sawa, Mjomba."

Jumanne alipotoka kwenda kutengeneza feni ya zahanati, nilibaki na gitaa peke yangu. Nililegeza nyuzi, nikafungua skrubu nane, nikainua kifuniko. Pikapu za zamani nilizikata kwa koleo. Sikuchora. Nichore nini na kitu chenyewe nakiona? Nyaya mpya zilikuwa ndefu, zimejikunja kama tambi, zikanikera. Nikazipunguza zote nne ziwe sawa. Zilipendeza. Ndipo nilipotazama sakafuni nikaona vile vipande viwili vya uzi mwekundu vimelala pamoja na ncha nilizozikata.

Mkononi nilikuwa na nyaya nne nyeusi, hakuna unaotofautiana na mwingine.

Mjomba angerudi baada ya saa moja. Ningeweza kumsubiri nimuulize. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini siku hiyo mimi niliona hakuna ujinga mkubwa zaidi. Nikabahatisha, nikalehemu, nikafagia sakafu. Kisha niliunganisha gitaa kwenye amplifaya, nikazigonga pikapu moja moja kwa bisibisi. Tu! Tu! Zote hai! Nikafunga kifuniko, lakini nyuzi nikaziacha zimelegea. Nilitaka kuzikaza shuleni, mbele ya wale walionicheka, ili sauti ya kwanza waisikie wao.

Na waliisikia. Alhamisi, darasa lote limenizunguka, nilikaza nyuzi, nikainua mkono, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Gitaa likatoa sauti kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Nikaongeza sauti, mbu akaongezeka. Kicheko cha siku ile sikisahau.

"Umefanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Si mimi, Mwalimu. Mjomba alinipa pikapu mbovu."

"Ala! Na mimi nilitaka kumpa kazi ya spika za ukumbi. Basi nitamtafuta fundi mwingine." Akafunga kitabu chake. "Ratiba naibandika kesho asubuhi. Bendi haimo."

Nikalibeba gitaa, nikatoka. Njia nzima Kifimbo alinifuata akiuliza, "Kweli zilikuwa mbovu? Kama ni kweli, mbona unatembea kama umeiba?"

"Nenda kwenu," nikamwambia.

Niliingia kwa Mjomba nikaliweka gitaa mezani kwa kishindo. "Pikapu zako mbovu."

Hakukasirika. Alifungua kifuniko, akapima pikapu ya kwanza kwa mita, kisha ya pili. "Nzima, zote."

"Basi gitaa ni bovu."

"Gitaa nalo zima." Alitazama nyaya zile nilizozikata zikapendeza. Akanisogezea Daftari la Wagonjwa na kalamu. "Jaza ukurasa wako. Mimi namalizia redio hii."

Sikuwahi kulisoma daftari lile, nilikuwa nalicheka tu. Chini ya kila mchoro kulikuwa na maneno 'Kosa la nani?' na jibu. Redio ya jirani: panya. Pasi ya muuza duka: maji. Feni ya daktari: mimi, nilikaza skrubu kupita kiasi. Kipaza sauti cha ukumbi: mimi, niligeuza betri. Nikaendelea kufungua kurasa. Mimi. Mvua. Mimi. Mimi tena.

"Mjomba, wenye vitu hivi uliwaambia?"

"Wote."

"Hukuona haya?"

"Niliona haya sana. Lakini wao ndio wanaorudi kwangu mpaka leo."

Ubishi wangu wote ukaisha. Nikamwambia kila kitu: uzi mwekundu, kubahatisha, kufagia. Kisha nikamwambia lililokuwa zito zaidi, kwamba nimemsingizia mbele ya darasa na kazi ya spika imekwenda kwa mwingine. Mjomba aliweka chuma chake chini.

"Hilo limeniuma," alisema.

Ni heri angenichapa. Nililia kwa hasira, hasira yangu mimi kwa mimi.

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akavuta kiti. "Pikapu zako hazina ugonjwa, ila hazisikilizani. Ni kama watu wawili upande mmoja wa mlango: mmoja anausukuma, mwenzake anauvuta, mlango hauendi popote. Geuza nyaya za moja tu, ule wa mguuni uende mgongoni na wa mgongoni uje mguuni."

"Nigeuzie, Mjomba."

"Mikono yako ina nini?"

Safari hii nilichora kwanza. Kila waya niliuandika, na uzi mwekundu niliufunga upya. Nilipolehemu tone la mwisho, nikakaza nyuzi na kupiga, glasi ya maji ya Mjomba ilitetemeka mezani. Jua lilikuwa bado halijazama.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikuwa anabandika ratiba ubaoni, na wale wavulana wamejazana hapo hapo. Nikapiga moyo konde.

"Mwalimu, pikapu zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekosea kuziunga, halafu nikamsingizia Mjomba. Nimesema uongo."

Wavulana wakaanza kucheka.

"Chekeni," niliwaambia. "Mkimaliza, msikilize."

Kifimbo alikuwa ameshaichomeka amplifaya. Nikapiga. Sauti ilijaa barazani mpaka mpishi wa shule akatoka na mwiko wake. Aliyenitaka nibadilishe betri za tochi alikimeza kicheko chake. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaandika jina la bendi kwenye ratiba kwa mkono wake. Kisha akaniagiza nimwite Mjomba aje kutazama spika, na nimpelekee samahani.

"Samahani yako au yangu, Mwalimu?"

"Zote mbili, Mbishi."

Jumamosi tulipiga nyimbo tatu, na Mama alisimama kwenye kiti akapiga vigelegele mpaka nikaona aibu. Baadaye, kule karakana, Mjomba aliweka daftari mbele yangu, kwenye ukurasa wa gitaa. Chini, penye swali la kosa la nani, nikaandika: mimi.

"Watu watakwambia uache ubishi," alisema Mjomba. "Usiuache. Bila huo, gitaa hili lingekuwa stoo. Bishana na kazi mpaka ikutii. Lakini usibishane na ukweli, maana utachoka wewe, wenyewe hautachoka. Na anayekushinda kwa kujua, muulize."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, rula yake mkononi. "Haya, na lile guu?"

"Lilivunjika, Mama," nikamjibu. "Nimelilehemu mwenyewe."