Noti Zilizotaka Kurudi Kwao

Kadi iligoma. Msusi akaijaribu tena kwenye dirisha la malipo la hospitali, ikagoma tena. Hakuiarifu benki yake kabla ya kusafiri, nao wakaifunga walipoona inatumika ugenini. Mama yake alikuwa wodini, upasuaji ni asubuhi, na bila malipo ya awali hakuna daktari angemgusa.

"Nenda kabadilishe taslimu," mama alisema. "Ila giza linaingia. Usizitoe zote mbele ya mtu."

Msusi akacheka. Nani wa kumfundisha hilo? Dola zake alizigawa tangu nyumbani: nusu mkobani, nusu kwenye sidiria, ambako mwizi lazima kwanza apigane.

Maduka ya fedha yalikuwa yamefunga. Moja tu, mwisho wa uchochoro, lilikuwa na taa. Mzee nyuma ya kioo alitoa kiwango kizuri kupita wote. Rahisi ni ghali, alilijua hilo, lakini mama ni mama. Akazipitisha dola za mkobani kwenye tundu la chini ya kioo. Noti alizopewa zilikuwa baridi... na zilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Karibu tena," mzee alinong'ona, kwa lugha ya kwao msusi. Ugenini kule, nani aliyemwambia anakotoka?

Hajafika hata barabarani, mkoba ukacheza.

Kwaruu... kwaruu...

Akajishika kifuani. Sidiria ilikuwa imelegea. Dola alizozificha, ambazo hakuna aliyeziona, zilikuwa zinapungua.

Chuma ulete! Saluni kwake mteja mmoja alishamlipa noti ya namna hiyo. Jioni ikamrudia mteja huyo, ikazikokota na nyingine zote za kwenye droo. Siku ile msusi alilia. Leo alikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Akarudi. Taa ilikuwa imezimwa. Kioo kimejaa vumbi na utando wa buibui, utadhani duka halijafunguliwa tangu yeye azaliwe.

Mkobani alikuwa na kiberiti cha gesi, kile cha kuchomea ncha za rasta. Akatoa zile noti, akachoma pembe ya moja.

Harufu ya nyama.

Ndani, mtu akalia.

"Usichome... mwanangu, tuelewane."

"Mimi si mwanao! Unaiba mpaka matibabu ya mama wa mtu? Leta changu."

"Chukua nusu..."

Akausogeza moto.

Vidole vikatoka chini ya kioo, virefu, vikavu, ncha zimeungua. Vikasukuma dola zote, za mkobani na za kifuani. Akazihesabu palepale, taratibu, kama yuko sokoni. Ndipo akazisunda kifuani, akamtupia noti zake bila kuzihesabu na kuondoka. Hakukimbia. Ampe raha hiyo?

Asubuhi alizibadilisha dola benki, kwa kiwango cha kunyonga, huku akitabasamu. Mama akaingia chumba cha upasuaji, akatoka salama.

Jioni mama alizinduka, akanong'ona.

"Nani yule mzee aliyekuja mlangoni? Vidole vina bendeji. Anasema umebaki na noti yake moja."

Msusi akapeleka mkono kifuani. Ipo. Baridi... imeungua pembeni, na inajivuta kuelekea mlangoni.

Kwaruu...

Akasimama kati ya mlango na kitanda cha mama, akawasha kiberiti.

"Ingia," alisema.