Marehemu Hakutaka Kushuka

Mikanda ilikuwa imelegezwa tena.

Nedra Hatch alikuwa ameshajipenyeza ndani ya gari lake la mbio, jembamba kama sindano, magoti yamekutana na usukani, na mikanda ya kiti ikamlalia mapajani kama nguo ya kuazima. Jana jioni aliikaza mwenyewe kwa kipimo cha mwili wake, mwili ambao tangu usichana haukuwahi kuzidi kilo hamsini na tano. Sasa ilikuwa imeachia vidole vinne kila upande. Aliyeipima alikuwa na tumbo.

"Verl," aliita. "Umekaa humu?"

Shemeji yake alikuwa chini ya turubai, anajipaka losheni ya jua ndani ya matundu ya pua, maana kule kwenye uwanda wa chumvi jua hukuchoma kutoka juu na kutoka chini. "Nikae humo na kitambi hiki, shemeji, nitatoka vipi? Mje na msumeno?"

"Basi nani kailegeza?"

"Labda umepungua. Tangu msiba huli."

"Nimekula viazi vya matanga wiki nne mfululizo, asubuhi na jioni. Sijapungua popote."

Verl akajipaka pua ile ile mara ya pili. Nedra alivuta pumzi ili akaze upya, na harufu ikampata: tumbaku ya kutafuna, ile ya mnanaa. Ilitoka kwenye kiti, mbichi, kama imetemwa sasa hivi. Mwanamke mwingine angeruka nje. Yeye aliikaza mikanda kwa nguvu za kumnyonga mtu, na kusema kweli alikuwa na mtu kichwani.

Pale Wendover, mji wa kando ya ule uwanda wa chumvi wanakoshindania kasi, habari za nyumba ya Hatch zilijulikana nusu. Nusu iliyojulikana ni kwamba Thayne, mume wa Nedra, ndiye aliyekuwa na rekodi ya daraja lao la magari: maili mia mbili tisini na saba kwa saa, miaka ishirini na tisa bila mtu kuigusa. Jina lake limo kitabuni. Kila Agosti, wiki ya mashindano, alikaa kwenye kiti cha kukunja, kopo la kutemea tumbaku yake ya mnanaa miguuni, vijana wamemzunguka, anawasimulia jinsi injini ilivyolia siku hiyo.

Nusu ya pili waliijua watu watatu. Ili rekodi iandikwe, dereva hukimbia mara mbili, leo na kesho asubuhi, mtu yule yule na gari lile lile, na kinachoandikwa ni wastani. Thayne alikimbia ya kwanza. Asubuhi ya pili mkewe na Verl walimkuta nyuma ya trela amepiga magoti, anatapika kwa woga, mikono haiwezi hata kufunga zipu. Nedra, aliyeiunda ile injini mezani pa jikoni, pistoni kwa pistoni, alivaa ovaroli ya mumewe, akashindilia mataulo tumboni, akashusha helmeti, akaenda. Na ile ya pili ndiyo iliyokuwa na kasi. Aliporudi Thayne alimbusu, akamwambia, "Mwaka huu wangu, mama. Wako mwaka ujao."

Mwaka ujao ukawa na mvua. Uliofuata, mgongo wa Thayne. Kisha arusi ya binti wa Verl, kisha hiki, kisha kile. Nedra aliunda injini na kufunga mdomo, kwa sababu akisema rekodi inafutwa, naye anabaki na nini? Februari Thayne alikufa kwenye kochi, televisheni inawaka. Waliokuja matanga walimwambia mjane, "Utamkumbuka sana." Akawajibu, "Kila siku." Hakuna aliyeuliza anamkumbukia nini.

Agosti hii alikuja kuchukua chake. Jina lake kitabuni, basi. Kombe wangeweza kulinywea kahawa.

Jumanne asubuhi Verl alimsukuma kwa pikapu mpaka injini ikashika, akamwachia. Maili ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi, chumvi nyeupe inamjia kama shuka linalovutwa. Katika ya tatu spika ndogo ndani ya helmeti, ile ya kuongea na Verl, ilikohoa.

"Polepole, mama."

"Verl, acha upuuzi."

"Polepole. Utaliharibu."

Haikuwa sauti ya Verl, na Nedra aliijua kama anavyojua kelele za friji yake. Harufu ya mnanaa ikajaa helmeti mpaka machozi yakamtoka, na pedeli ya mafuta ikaanza kupanda chini ya kiatu chake, taratibu, kwa upole, jinsi mtu anavyokuondolea mkono wako kwenye sahani ya nyama, naye akakanyaga, ikapanda, akakanyaga kwa miguu yote miwili huku akitukana matusi aliyoyahifadhi miaka ishirini na tisa, na hivyo hivyo, wakisukumana kama wanandoa wanaogombea blanketi, walikatiza maili ya kupimwa. Mbele akavuta kamba ya parachuti la nyuma, lile la kusimamishia gari.

Parachuti halikufunguka.

Alivuta tena, akahisi kamba imeshikwa. Haikukwama, ilishikwa, na upande wa pili kulikuwa na mikono inayovuta kwa zamu na yeye. Gari likapita mwisho wa njia, likapita bendera, likaacha chumvi ngumu na kuzama kwenye tope kwa kishindo cha ng'ombe aliyechoka.

Hata hivyo karatasi ya wapima muda ilitoka: mia mbili tisini na nane. Ilizidi ya Thayne kwa maili moja. Gari likaoshwa, likapelekwa kwenye uwanja wa kamba, mahali ambapo magari yanayodai rekodi hulazwa chini ya macho ya wakaguzi mpaka asubuhi ya mbio ya pili.

Mkaguzi wa maparachuti alikuwa LaRue Pettibone, bibi wa miaka themanini na mmoja, mwenye waume wawili makaburini na wa tatu chumvini. Alifungua mfuko wa parachuti mchana kweupe, akatia kidole, akakitoa kimekuwa cha kijivu. Akakinusa.

"Nedra mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu mlimzika wapi?"

"Tulimchoma. Majivu yake yamo kwenye kopo, juu ya kabati la sebuleni."

"Kopo hilo umelifungua?"

Nedra alimgeukia Verl. Verl alikuwa anatazama milima.

"Kila mtu anafanya, shemeji," alisema Verl. "Unamfunga mtu wako kwenye parachuti, likifunguka anamwagika kwenye chumvi aliyoipenda. Ni heshima. Umewaona wangapi?"

"Na kwenye kopo langu kuna nini?"

"Majivu ya jiko la nyama."

Wakaguzi waliokuwa karibu wakapata kazi za kufanya mbali.

"Miezi sita," Nedra alisema, "nafuta vumbi kwenye jiko la nyama."

"Aliniomba mwenyewe. Alisema, nifunge humo, na Nedra asijue. Alisema utalitoa gari tu akishaondoka. Alisema, lazima awepo mtu wa kulinda."

"Kulinda nini?"

Nedra alishachukua brashi. Akaikung'uta ile nguo ya parachuti kwa nguvu kama anayepiga zulia, majivu yakaanguka juu ya chumvi, fungu dogo la kijivu, bakuli moja hivi. Wote watatu walisimama wakilitazama.

Nyumbani kwetu mtu akisumbuliwa na mzimu humwaga chumvi mlangoni, na mzimu hauvuki. Huyu sasa alikuwa juu ya chumvi maili na maili kila upande, na haikumtisha hata kidogo. Upepo haukuwepo. Bendera zilikuwa zimelala. Fungu lile likatikisika, likatoa mkia mwembamba, mkia ukatambaa kama siafu katika mstari, ukapita kati ya viatu vya Verl, ambaye alishindwa kuinua hata kidole cha mguu, ukapanda tairi, ukapanda bati, ukatafuta tundu la mfuko na kuingia bila haraka, chembe kwa chembe, mpaka chumvi ikabaki nyeupe kama haikuguswa, na ndani ya mfuko wakasikia kitu kinajikunja na kutulia, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulalia.

"Mungu wangu," Verl alinong'ona. "Tuliache gari, shemeji. Tulitie moto."

"Ukilitia moto mmoja wao atakuwa ameshinda, na si Nedra," LaRue alisema. Alishusha sauti zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Wangu wa tatu alikaa kwenye breki miaka miwili. Nilileta mchungaji, akamwombea, breki zikamuunguza mchungaji. Hawa hawatolewi kwa nguvu, wakiwa hai uliwatoa wapi kwa nguvu? Anatoka akiachia mwenyewe. Na dereva huachia siku moja tu, siku anayodhani ameshinda."

"Wako ulimwambia nini?"

"Wangu alikuwa wa wivu. Nilimwambia naolewa na ndugu yake. Alitoka kwenda kumpiga, nikafunga bati." LaRue aliusawazisha mfuko wa parachuti, akaufunga, akaupiga muhuri. "Kwa upande wangu limekaguliwa. Sijaona kitu."

Nedra hakulala vizuri, ila si kwa hofu. Alilala akihesabu. Arusi ya binti wa Verl. Mgongo. Mvua. Kila mwaka na jina lake.

Asubuhi, jua likiwa bado chini na kila kokoto ina kivuli kirefu, walimfunga kitini. Verl akaikagua mikanda mara mbili.

"Ukitaka tuache, niambie. Hakuna atakayecheka."

"Sukuma pikapu, Verl."

Thayne hakungoja maili ya tatu. Injini iliposhika tu mnanaa ulijaa, na kitu kizito kikakaa juu ya mapaja yake, baridi, kinadondosha chumvi, akahisi mgongo wa mtu umeegemea kifua chake kana kwamba yeye ndiye kiti. Pedeli ilipanda mpaka goti likamuuma. Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi. Usukani ulikuwa na mikono minne.

"Lile ni langu, mama," sauti ilisema sikioni, na safari hii haikuwa na upole. "Miaka yote hii sikukunyima nyumba. Sikukunyima kula. Jina moja tu."

Hapo Nedra alikuwa na maneno ya kutosha kujaza maili zote tano, juu ya zipu iliyoshindwa kufungwa, juu ya taulo tumboni, juu ya kofia zenye jina lake yule na vikombe vyenye jina lake yule na jinsi alivyokaa pembeni ya kile kiti cha kukunja akisikia mume wake akisimulia mlio ambao masikio yake yeye mwanamume hayakuusikia, na maneno hayo yote yalimpanda kooni kwa pamoja yakawa moto, na bango la maili ya pili likapita, na la tatu lilikuwa linakuja, na baada ya la tatu ndiyo maili ya kupimwa, akayameza. Akayameza kama alivyozoea. Kisha akalegeza sauti, akaifanya ya jikoni, ya mwanamke aliyechoka.

"Haya, Thayne. Nimeshindwa. Mbona tunagombana? Tukimbie pamoja, niandikishe jina lako. Rekodi mpya, Thayne Hatch."

Pedeli ikaacha kupanda.

"Unasema kweli?"

"Nimewahi kukudanganya mimi?" Na kwa kweli hajawahi. "Mwaka huu wako. Wangu mwaka ujao."

Alisikia marehemu akicheka, kile kicheko cha kwenye kiti cha kukunja. Uzito ukahama mapajani ukashukia mguuni, mguu mpana wa mwanamume ukakaa juu ya wa kwake, na mguu ule uliopiga goti siku ile nyuma ya trela ukakanyaga mafuta kwa nguvu zote za mfu ambaye hana tena cha kuogopa. Gari likapiga kelele. Mia mbili sabini. Tisini. Mia tatu. Mia tatu na kumi na moja, chumvi haionekani tena, ni mwanga tu.

"Umeniona, mama?" sauti ilikuwa inalia kwa furaha. "Umeniona?"

"Nimekuona," Nedra alisema, akavuta kamba.

Haikushikwa na mtu. Parachuti lilifunguka kama mlango wa nyumba uliopigwa teke, na wingu la kijivu likaruka nyuma ya gari kwa kasi ile ile, likatandazwa nusu maili. Waliokuwa karibu walisema wingu lilipiga ukelele. Wengine walisema ni breki. LaRue alikuwa anatafuna pipi.

Gari liliposimama mwandishi wa rekodi alikuja na karatasi yake, kijana mwenye adabu. "Hongera sana, Bi. Hatch. Kwa heshima ya marehemu, niandike—"

"Andika Nedra Colvin," alisema. "Colvin la baba yangu. Nakuangalia unavyoandika."

Akaandika. Ndivyo lilivyo kitabuni mpaka leo.

Ila madereva wana midomo. Wanasema ukipita maili ya tano, chini ya mia tatu husikii kitu. Ukizidi, mtu anakuuliza sikioni, kwa sauti ya mnanaa, kwa unyenyekevu kabisa: "Wameandika jina gani?" Wajuzi humjibu, "Lako, mzee," naye huwasukuma kidogo, maili tatu, maili nne za bure. Vijana wanaitumia sana njia hiyo, nao wanaona si dhambi.

Nedra naye bado anakimbia kila Agosti. Hasukumwi na mtu. Kila akifika pale huulizwa, na kila mara humjibu ukweli, herufi kwa herufi, kisha anakanyaga mafuta ili amsikie akibaki nyuma.